Kubanwa na misuli usiku: mimba ya pili juu ya cherehani ya kukanyaga

Mimba ya kwanza ilinipita kama mgeni mwenye adabu: kichefuchefu cha asubuhi, hamu ya maembe mabichi na pilipili, kiungulia cha mwishoni, basi. Ya pili ndiyo iliyonikutanisha na misuli ya miguu. Ilipovuka nusu nikaanza kuamshwa usiku wa manane na maumivu kwenye shavu la mguu. Msuli umejikusanya ukawa donge gumu unaloweza kulishika kwa mkono, vidole vya mguu vimejielekeza chini bila kuombwa, na pumzi imekukata. Mara ya kwanza nilipiga ukelele mpaka mume wangu akaruka kitandani akitafuta nyoka. Nyumba ya kupanga, Ngamiani, katikati ya mji wa Tanga, nyoka!

Nasimulia haya kwa sababu wanawake wengi wakilieleza jambo hili hujibiwa neno moja tu: vumilia, ndiyo mimba hiyo. Jibu hilo ni kweli nusu. Kubanwa na misuli ni kawaida sana katika nusu ya pili ya ujauzito, mara nyingi usiku, na hakumdhuru mtoto tumboni. Lakini kipo cha kufanya. Tena yapo maumivu ya mguu yanayojifanya kama msuli, na hayo hayafai kuvumiliwa hata siku moja. Nitayafikia.

Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu ya miaka hiyo ilikuwa ya kukanyaga, ile ya chuma yenye gurudumu na mkanda wa ngozi. Anayeitazama kwa mbali hudhani kazi iko mikononi. Kaa chini utazame miguu: nyayo zote mbili ziko juu ya kanyagio, kisigino kinashuka, vidole vinashuka, kisigino, vidole, kutwa nzima. Msuli unaobeba kazi hiyo ni uleule wa shavu la mguu unaokuja kukudai usiku.

Mimba hiyo ikafikisha mwezi wa nane ndani ya Ramadhani, na fundi yeyote wa pwani anajua maana yake. Kanzu za wanaume, madera, magauni ya watoto, ndugu watano wanaotaka kitambaa kimoja mishono mitano. Kila mmoja anataka kabla ya Idi, na kila mmoja anakwambia, "Yangu kidogo tu dada, ni upindo." Unakanyaga mchana, unafuturisha, unarudi kukanyaga. Kufunga sikufunga, mjamzito anayehofia afya yake au ya mtoto ana ruhusa, nami nililipa baadaye. Lakini kuruhusiwa kula ni jambo moja, na kunywa maji mchana wa Ramadhani mbele ya wateja ni jambo jingine. Chupa yangu ya maji ilikaa nyuma ya pazia la kupimia nguo. Nikimaliza kumpima mteja, akitoka yeye, mimi nabaki kidogo kule ndani. Joto la Tanga halina mchezo, na mtu anayetoka jasho hivyo bila kurudisha maji anaukaribisha msuli.

Kliniki nilieleza shida yangu nikitarajia lile neno la vumilia. Nilikutana na nesi wa makamo, mwanamke wa maneno machache, akaniuliza maswali ambayo mpaka leo naona yalikuwa na thamani kuliko dawa yoyote. "Mguu mmoja au yote, mama?" Leo huu, kesho huu. "Ukiunyoosha unaachia au hauachii?" Unaachia, ila unabaki na kidonda cha ndani mpaka asubuhi. "Umevimba upande mmoja? Una joto? Rangi yake imebadilika?" Hapana. Akabonyeza ugoko wangu kwa kidole gumba, akaangalia kama kinaacha shimo. Akapima presha, mkojo ukapimwa protini, na wingi wa damu. Ndipo akasema, "Hii ni misuli. Sasa tunaweza kuzungumza."

Alianza kwa kuniambia kwamba sababu moja hakuna. Mwili wa mjamzito unabeba mzigo kwa namna nyingi kwa pamoja. Uzito unaongezeka, na kwa mwanamke wa umbo la kawaida kilo 11 hadi 16 kwa mimba nzima si ajabu. Miguu ileile ndiyo inayoubeba. Damu nayo inaongezeka karibu nusu ya ile ya awali. Mji wa mimba ukishakuwa mkubwa unaegemea mishipa mikubwa inayorudisha damu kutoka miguuni, ndiyo maana jioni miguu ni mizito na viatu vinabana. Mama mkwe wangu alikuwa na kauli yake kwa hili: "Mtoto amekalia mshipa." Nesi alicheka nilipomwambia, akasema mama mkwe hayuko mbali sana na ukweli.

Halafu kuna kalsiamu. Mtoto hadi azaliwe anajenga mifupa yake kwa takribani gramu 30 za madini hayo, na sehemu kubwa anaichukua katika miezi mitatu ya mwisho. Mwili wa mama hujirekebisha ukafyonza zaidi kutoka kwenye chakula, ila chakula chenyewe kiwe nayo. Magnesiamu nayo hutajwa, kwa kuwa ina kazi katika kukaza na kulegeza misuli. Na juu ya yote hayo ongeza uchovu wa mguu uliokanyaga cherehani tangu asubuhi.

Mbona usiku? Hapo ndipo nilipoelewa kitu. Ukilala, nyayo zinalegea na vidole vinaelekea chini, kwa hiyo msuli wa shavu la mguu unakuwa umefupika. Ukijinyoosha kidogo usingizini, kwa lile kujinyoosha kwa raha kwa alfajiri, msuli uliokwisha kufupika unajikaza zaidi na haujui kuachia. Kwangu mimi chandarua kilikuwa kinachangia. Nilikuwa nakichomeka chini ya godoro kwa nguvu kuzuia mbu, shuka nayo nimeibana miguuni, basi nyayo zinasukumwa chini usiku kucha. Chandarua sikuacha, malaria kwa mjamzito si ya kufanyia mzaha. Nilichofanya ni kuacha nafasi upande wa miguuni kikaning'inia kwa ulegevu kabla ya kuchomekwa, na shuka nikailegeza.

Sasa msuli umeshakushika, unafanyaje? Watu wote husema simama. Kusimama kunasaidia kweli, unakanyaga sakafu kwa wayo mzima na kisigino kikishuka msuli unavutika. Lakini aliyesema hivyo hajawahi kuwa na tumbo la miezi minane ndani ya chandarua gizani. Kabla hujapata mlango wa kutokea umeshamaliza kuumia. Mimi nilitumia kanga. Nililala nayo imekunjwa kwa urefu kama mkanda, pembeni ya mto. Msuli ukianza, nainuka nikakaa, naizungusha kanga chini ya wayo, pale kwenye nyama zilizo nyuma ya vidole, si katikati ya unyayo, kisha nashika ncha zake mbili na kuvuta polepole kuelekea kwangu. Goti liwe limenyooka. Hili la goti ndilo wengi wanalikosa: ukivuta vidole huku goti limekunjika, ule msuli mkubwa wa juu hauvutiki vya kutosha. Kisigino kitangulie mbele, vidole virudi kuelekea ugokoni. Maumivu yanapanda kwa muda mfupi, unatamani kuacha, usiache. Halafu unalisikia lile donge linalegea chini ya ngozi. Usivute kwa kushtua. Vuta na kushikilia.

Mume wangu naye alifundishwa. Mwanzoni alikuwa na moyo mzuri na mikono mibaya. Akisikia nimeanza, anarukia shavu la mguu na kulifinya kwa nguvu zake zote za kuvuta nyavu, nami napiga kelele mara mbili, moja ya msuli na nyingine yake. Nikamwonyesha: mkono mmoja ukamate kisigino, mwingine usukume vidole kuja upande wangu, goti lisikunjwe. Baada ya hapo alikuwa anafanya nusu usingizini, hafumbui hata macho. Kuchua ni baadaye, msuli ukishaachia, kwa mafuta kidogo ya nazi na mkono mwepesi. Kitambaa kilicholowekwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa kinatuliza kile kidonda cha ndani cha asubuhi. Uvuguvugu lakini, si ya kuchemka.

Kilichopunguza kabisa idadi ya usiku mbovu, kwa maoni yangu, ni ukuta. Kabla ya kulala nilisimama mbele ya ukuta wa chumbani, viganja ukutani, mguu mmoja mbele umekunjwa goti, mwingine nyuma umenyooka na kisigino kimegandamana na sakafu. Naegemea mbele hadi shavu la mguu wa nyuma livutike, nashikilia kwa muda wa pumzi nne tano ndefu, nabadilisha mguu. Narudia mara mbili tatu. Ukuta haudai fedha, na mtoto wangu mkubwa alidhani ni mchezo, tukawa tunausukuma ukuta wawili.

Na kazini nilibadilisha mpangilio. Badala ya kushona siku nzima na kukata siku nzima, nilichanganya: kipande kimoja nakata nimesimama, kinachofuata nashona, halafu nakwenda kupiga pasi. Nikikaa kumsubiri mteja, nazungusha nyayo na kuinua miguu juu ya kigoda. Kandambili zilizokwisha kisigino nikazitupa.

Chakula sitakisema sana, kila mtu anakula alichonacho. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, mtindi, ndivyo vya kalsiamu. Mbegu za maboga, korosho, karanga, maharage na ugali wa dona ndivyo vya magnesiamu. Ndizi zinasifiwa mno kwa habari ya misuli. Kula tu, ni tunda zuri, ila usizitegemee. Udongo wa kula, ule wa vipande unaouzwa sokoni, ndio niliokuwa nimeambiwa na jirani kwamba una chokaa. Nesi alikataa kata kata: unazuia madini chuma yasifyonzwe, na huwezi kujua umechimbwa wapi na una nini ndani.

Kuhusu vidonge, wengi wanataka kusikia jina la dawa na safari ikaishia hapo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 wa huduma kwa wajawazito, linasema magnesiamu, kalsiamu au njia zisizo za dawa zinaweza kutumika kwa kubanwa na misuli, kulingana na anachopendelea mama na kinachopatikana. Ushahidi wa vidonge wenyewe si wa kutingisha. Tafiti zilizolinganishwa zimetoa majibu yanayopingana, wengine wamepata nafuu, wengine hawakuona tofauti na kidonge kisicho na kitu. Kalsiamu ina sababu yake nyingine iliyo nzito zaidi: mahali ambapo wanawake hula kidogo chenye madini hayo, shirika hilohilo linashauri gramu 1.5 hadi 2 kwa siku ili kupunguza hatari ya presha ya mimba inayoleta kifafa. Ukiandikiwa, usimeze pamoja na vidonge vya kuongeza damu, achanisha saa kadhaa kwa sababu vinazuiana. Chai ya rangi nayo iweke mbali na vidonge hivyo.

Duka la dawa la mtaani ni mtihani mwingine. Nilikwenda kununua parasetamoli, kijana aliyekuwapo akasikia neno msuli, akatoa diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu. Tumbo langu lilikuwa limefika mbele yangu, analiona! Nikamuuliza inafaa kwa mjamzito, akasema, "Mbona wanameza." Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, kuanzia wiki ya 20 zinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji anayoogelea, na miezi ya mwisho zinaweza kugusa mshipa karibu na moyo wake. Nikarudisha. Kuna wazee pia wanaokumbuka kwamba kwinini ilikuwa ikitolewa kwa misuli. Kwinini ni dawa ya malaria, iachiwe kazi hiyo kwa amri ya daktari. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya tangu 2006 isitumike kwa misuli kwa ajili ya madhara yake kwa mapigo ya moyo na kwa damu.

Mteja wangu mmoja, naye mjamzito, aliniambia ana tatizo kama langu. Nilipomsikiliza vizuri halikuwa langu. Yeye hakuwa na donge wala maumivu makali. Miguu ilikuwa inamtambaa kwa ndani jioni akikaa, haitulii mpaka atembee. Hiyo ni hali nyingine, na mara nyingi inaendana na upungufu wa madini chuma mwilini. Alipopimwa, damu ilikuwa chini. Kanga na ukuta visingemfaa kitu.

Sasa lile la wifi yangu. Alikuwa na mimba ya miezi minane, akasafiri kwa basi kutoka Mwanza kuja Tanga ajifungulie kwa mama yake. Siku ya pili mguu wa kushoto ukaanza kuuma, kuanzia shavu la mguu kupanda pajani. Nyumba nzima ikasema ni msuli wa safari. Bibi mmoja akaja na mafuta ya moto akamchua, tena kwa bidii. Nilikuwa nimetoka kliniki wiki hiyohiyo, maswali ya nesi bado yananisumbua kichwani, nikamtazama wifi miguu yote miwili pamoja. Wa kushoto ulikuwa mnene kuliko wa kulia kwa macho tu, bila kupima. Ngozi imekaza inang'aa, ukiweka mgongo wa mkono una joto. Nikamwambia anyooshe kisigino mbele, avute vidole. Akafanya. Hakuna kilichoachia. Maumivu yalikuwa palepale tangu asubuhi.

Nikasema jamani acheni kuchua. Maneno yalikuwepo, bibi alinuna, mimi ni mke tu wa nyumba ile. Mume wangu akaita bajaji. Kituo cha kwanza walitaka kumpa dawa ya maumivu arudi nyumbani; kaka yake akasimama mlangoni akadai rufaa, ikatolewa. Hospitali ya rufaa walimpiga utrasaundi ya mguu, si ya tumbo, wakakuta damu imeganda katika mshipa wa ndani. Daktari alieleza kwamba wakati wa ujauzito damu huganda kwa urahisi zaidi, hasa ukikaa muda mrefu bila kutembea, na mguu wa kushoto ndio hushikwa mara nyingi zaidi. Hatari yenyewe si mguu. Ni bonge hilo likikatika na kupanda hadi kwenye mapafu, na kuchua kwa nguvu ni namna ya kulisaidia likatike. Wifi alipewa sindano za kuzuia damu isigande, zinazochomwa kwenye ngozi ya tumbo, akafundishwa kujichoma mwenyewe. Vidonge vya kazi hiyohiyo, alivyozoea kuviona kwa baba yake mgonjwa wa moyo, aliambiwa havifai kwa mjamzito kwa kuwa vinamfikia mtoto. Aliendelea na sindano hadi arobaini ikapita na zaidi. Mtoto wake sasa anakimbia uani.

Kwa hiyo ukiniuliza, mguu mmoja uliovimba kuliko mwenzake, wenye joto, wenye maumivu yasiyoachia ukiunyoosha, ni wa hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku. Kukiongezeka kubanwa kifua au kukosa pumzi, usisubiri hata nguo za kubadilisha. Wekundu usiutafute sana. Kwenye ngozi zetu nyeusi mara nyingi hauonekani, tumia mkono kupima joto. Na ukiona uso na mikono inavimba, kichwa kinauma kisichosikia dawa, macho yanaona nyota au maumivu yako juu ya tumbo chini ya mbavu, hayo ni ya presha ya mimba, nayo hayangojei tarehe ya kliniki.

Mimi nilijifungua wiki mbili baada ya Idi, nguo za watu zimekwisha isipokuwa kanzu moja ya mwanamume aliyeleta kitambaa mkesha wa sikukuu, na huyo alistahili. Misuli ikakoma siku chache baadaye. Fedha za msimu ule nilinunua mota ya cherehani, sasa mguu mmoja unabonyeza tu. Kanyagio sikuling'oa, maana umeme ukikatika wateja hawajali.